Sabuni laini, inayochoma au inayomomonyoka: kagua kostiki kabla ya kununua kigumishi

Swali linalorudi kila mara miongoni mwa wanaopika sabuni ya kipande nyumbani, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma, ni hili: sabuni imekataa kukaza, nitie nini? Anayeulizwa hutaja chumvi, stearini au silikati, na muulizaji hukimbilia duka la kemikali. Siku kumi baadaye sabuni bado inabonyea kama ndizi mbivu. Kigumishi hakiwezi kufanya kazi ya kostiki, alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mafuta ambayo hayajageuka kuwa sabuni yatabaki mafuta hata ukiyamwagia kilo nzima ya chumvi. Kwa hiyo hapa chini tunakagua kwanza alkali, maji na aina ya mafuta. Kigumishi kinakuja mwisho.

Vitu vinavyochanganywa dukani

Kostiki soda ni haidroksidi ya sodiamu, NaOH. Hiyo ndiyo inayotoa kipande kigumu. Potashi kostiki ni haidroksidi ya potasiamu, KOH. Nayo hugeuza mafuta kuwa sabuni, lakini sabuni yake ni laini kama jamu, ile inayoyeyushwa kupata sabuni ya maji. Zote mbili huja kama vipande vyeupe vyepesi au chembe za mviringo, na zikishapimwa upya na kufungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi huwezi kuzitofautisha kwa macho. Dai kuona gunia au mkebe wa asili, usome NaOH au KOH pamoja na asilimia ya usafi.

Soda ashi ni kaboneti ya sodiamu. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, ni kaboneti na bikaboneti zikiwa pamoja. Hizi ni alkali dhaifu. Hulainisha maji na kusaidia kuondoa uchafu kwenye nguo, lakini hazigeuzi mafuta ya kupikia kuwa sabuni kwa njia ya baridi, yaani ya kuchanganya bila kupika motoni. Bakingi soda ni dhaifu zaidi. Wengi wamepotoshwa na mapishi ya sabuni ya maji yenye asidi ya salfoniki, ambamo soda ashi hutiwa ili kuua ukali wa asidi. Hiyo ni kazi nyingine, na mapishi yale hayahamishiki kwenye sabuni ya kipande.

Hesabu ambayo kila dalili itakurudisha kwayo

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki soda kwa gramu moja. Viwango vya kufanyia kazi ni hivi:

Mafuta ya nazi: 0.183
Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa: 0.141
Mawese, pamoja na mafuta ya kupikia yatokanayo na mawese: 0.141
Alizeti: 0.135
Parachichi: 0.133
Mbarika: 0.128

Chukua kilo 1 ya mafuta: gramu 400 za ng'ombe, 300 za nazi, 300 za alizeti. Ng'ombe anataka 56.4, nazi 54.9, alizeti 40.5. Jumla ni gramu 151.8. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa na yailinde ngozi: unapata gramu 144. Kama kostiki yako ina usafi wa asilimia 98, gawanya kwa 0.98, ziwe 147. Maji yawe mara mbili ya kostiki, takriban gramu 290.

Ukitumia potashi kwa makusudi, zidisha kiwango cha kostiki soda kwa 1.403, kisha urekebishe usafi, kwa kuwa potashi nyingi huuzwa ikiwa na asilimia 90 hivi.

Pima kila kitu kwa uzito, hata maji. Kijiko cha vipande vyepesi na kijiko cha chembe za mviringo havilingani. Mizani ya bucha haifai hapa, maana kosa la gramu 20 kwenye hesabu hii ni sehemu ya saba ya kostiki yote. Nunua mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 1.

Na kabla hujagusa kostiki: sufuria zetu nyingi za jikoni ni za alumini. Kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, na jiko la makaa huwa liko pale pale. Ndoo ya mabati nayo ina zinki, hivyo haifai. Tumia chuma cha pua, au ndoo nzito ya plastiki yenye alama ya namba 2 au 5 chini yake. Vaa glavu ndefu, miwani iliyoziba pembeni na viatu vilivyofunika mguu. Fanyia nje au penye upepo. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki yatachemka ghafla na kukurukia usoni.

DALILI: Sabuni imepita wiki na bado ni laini

Anza na maji, kwa sababu ndiyo chanzo cha kawaida kuliko vyote. Anayetia maji mara tatu ya kostiki kwenye mfano wetu anatumia gramu 432 badala ya 290. Hizo gramu 142 za ziada hazina pa kwenda isipokuwa kukauka hewani. Kisumu, ambako hewa ya ziwa ina unyevu, zitachukua wiki kadhaa. Nakuru, ambako hewa ni kavu zaidi, zitaondoka mapema. Jaribio ni rahisi: pima kipande kimoja kwa mizani leo, ukipime tena baada ya siku 3. Kama uzito unashuka na ulimi hauchomeki (jaribio la ulimi liko chini), huna tatizo. Kipange juu ya waya au vijiti, hewa ipite pande zote, mbali na jua kali, wiki 4 hadi 6. Usitie chochote.

Uzito ukikaa pale pale na kipande kinaacha mafuta kwenye kidole, kostiki haikutosha. Kosa huweza kuwa la mizani, lakini mara nyingi ni kostiki iliyochoka. Kostiki huvuta unyevu na hewa ya ukaa (kaboni dioksidi), ikageuka taratibu kuwa kaboneti. Mkebe uliofunguliwa na kufungwa kwa mfuko mwembamba nyumbani Kisumu hupoteza nguvu haraka kuliko watu wanavyodhani. Fanya majaribio mawili ukiwa umevaa glavu na miwani:

Tia mililita 50 za maji kwenye kikombe cha plastiki, pima joto, kisha utie gramu 5 za hiyo kostiki na ukoroge. Kostiki nzima hupandisha joto kwa nyuzi 20 au zaidi. Soda ashi huongeza nyuzi chache tu, na bakingi soda hupoza maji.

Baada ya mchanganyiko kupoa kabisa, chota kijiko kimoja cha chai, utie kwenye kikombe kingine, na uongeze siki kidogo kidogo hadi vijiko vinne au vitano vya chai, kwa kuwa povu halitokei kabla siki haijaua kostiki yote. Povu la kuchemka linaonyesha kaboneti. Kostiki safi haifanyi povu. Povu dogo lina maana imechakaa kidogo. Povu jingi lina maana ulichonunua si kostiki ya kufanyia kazi.

Chanzo cha tatu ni potashi iliyouzwa kama kostiki soda. Jaribio la joto halitakuonyesha, kwa kuwa potashi nayo hupasha maji vilivyo. Pika sampuli: gramu 100 za mafuta ya nazi, gramu 17 za hiyo alkali, gramu 35 za maji. Mafuta ya nazi hukaza haraka sana, na kwa kostiki soda utakuwa na kipande kigumu kesho yake. Ukikuta ujiuji unaovutika, umeuziwa potashi. Angalia madhara yake kwenye mfano wetu: gramu 144 za potashi ya asilimia 90 zinafanya kazi ya gramu 92 tu za kostiki soda. Zaidi ya theluthi moja ya mafuta haijaguswa. Hakuna kigumishi cha kuziba pengo la namna hiyo.

Kostiki ikiwa ilipungua na unajua kwa kiasi gani, sabuni inaokoleka. Ikwangue, uiweke kwenye sufuria ya chuma cha pua iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka, ongeza maji kidogo, yapata gramu 100 kwa kila kilo. Ikishalainika, tia kostiki iliyopungua (kwa mfano wa potashi, gramu 52, ingawa sabuni hiyo itabaki laini kwa kuwa sehemu yake kubwa ni ya potashi) ikiwa imeyeyushwa kwenye maji mara mbili ya uzito wake. Koroga taratibu hadi iwe nzito na yenye kung'aa kama viazi vilivyopondwa, upime kwa ulimi, umimine kwenye kalibu. Usipojua upungufu ni kiasi gani usikisie. Sabuni laini haimdhuru mtu, iliyozidi kostiki inamchoma.

Chanzo cha nne ni mafuta yenyewe. Sabuni ya alizeti tupu itakuwa laini hata kostiki ikiwa sawasawa. Hapa pana jambo la kuangalia: mafuta mengi ya kupikia ya chupa Kenya yametokana na mawese, hata pale picha ya mbele inapoonyesha kitu kingine. Soma lebo kwa nyuma. Njia nyingine ni kuyaangalia asubuhi ya Julai huko Nakuru: ya mawese hufanya ukungu au kuganda chini ya chupa, ya alizeti hubaki angavu. Kwa sabuni ngumu, nusu au zaidi ya mafuta yawe ya kuganda: ng'ombe, mawese, nazi. Mafuta ya ng'ombe ndiyo kigumishi bora na cha bei nafuu zaidi kwa mtu wa magharibi ya Kenya. Bucha nyingi huyatupa au kuyauza kwa bei ndogo. Yayeyushe kwa maji na chumvi kidogo, uyachuje, uyaache yagande, uondoe maji na tope la chini. Rudia mara mbili na harufu itapungua sana.

Ukishamaliza hayo yote, sasa kigumishi kina nafasi. Kwa kila kilo ya mafuta:

Chumvi ya kawaida, gramu 10 hadi 20. Iyeyushe kwenye maji kabla ya kutia kostiki. Ukiitia baadaye haiyeyuki vizuri na utaona chembe ndani ya kipande. Kipande kitatoka kwenye kalibu mapema, ila povu hupungua kidogo.

Laktati ya sodiamu ya maji, ile ya asilimia 60, gramu 10 hadi 30. Hutiwa kwenye maji ya kostiki yakishapoa chini ya nyuzi 50. Ni nzuri kuliko chumvi kwa sababu haiui povu, ila si kila duka linayo.

Stearini, yaani asidi ya steariki, gramu 20 hadi 50. Huyeyuka karibu na nyuzi 70, kwa hiyo iyeyushe pamoja na mafuta ya kuganda. Nayo inakula kostiki: hesabu 0.148 kwa kila gramu. Gramu 50 zinataka gramu 7.4 za ziada, na anayesahau hilo anarudi kwenye sabuni laini aliyokuwa akiikimbia. Uji wake, yaani mchanganyiko wa mafuta na maji ya kostiki, hushika na kuwa mzito ndani ya dakika, pengine sekunde, kwa hiyo kalibu iwe tayari.

Nta ya nyuki, gramu 10 hadi 20, basi. Ikizidi, sabuni inateleza mkononi bila povu.

Silikati ya sodiamu hutumiwa viwandani kukaza sabuni ya kufulia. Nayo ni alkali inayoumiza macho, na kwa sabuni ya kuogea nyumbani hatuipendekezi kabisa.

DALILI: Uji haushiki, au mafuta yameelea juu ya kalibu

Uji umeshika pale ambapo tone linalodondoka kutoka kwenye mwiko linaacha alama juu yake kabla ya kuzama. Kwa mkono inaweza kuchukua saa nzima, kwa blenda ya mkono dakika 3 hadi 10. Wengi hukata tamaa mapema tu, wakamimina kabla haujashika. Endelea kukoroga kwanza.

Sababu ya pili huonekana sana Nakuru asubuhi za Juni na Julai. Mafuta ya ng'ombe yakipoa chini ya nyuzi 40 huanza kuganda yenyewe, mchanganyiko ukaonekana mzito, mtu akadhani umeshika. Anamimina, na usiku vinatengana: mafuta juu, maji makali chini. Weka mafuta na maji ya kostiki yote mawili kati ya nyuzi 40 na 50. Kama huna kipimajoto cha jikoni, kinunue kabla ya vigumishi vyote vilivyotajwa hapo juu.

Ikiwa joto lilikuwa sawa na umekoroga vya kutosha lakini hakuna kinachotokea, fanya jaribio la joto na siki. Aliyetumia soda ashi au magadi atakoroga hadi jioni.

Onyo: maji yaliyo chini ya kalibu iliyotengana ni kostiki kali. Usiyamwage shimoni wala usiyaguse. Kama yametengana leo, rudisha kila kitu, maji na mafuta, kwenye sufuria ya chuma cha pua, pasha taratibu, koroga hadi vishikane.

DALILI: Inachoma ulimi au ngozi, au ina mabonge meupe ndani

Jaribio la ulimi hufanywa hivi: lowesha kidole, sugua kipande mpaka kitoe utelezi, gusa ncha ya ulimi kwa kidole hicho. Ladha ya sabuni tu ni salama. Mchomo kama wa kugusa betri unaonyesha kostiki iliyobaki. Kwa sabuni ya njia ya baridi usilifanye kabla ya saa 48, na usilifanye kamwe kwenye kipande chenye mabonge au majimaji. Karatasi za pH husaidia pia: sabuni njema husoma 9 hadi 10. Ikisoma 11 kwenda juu, iache kando.

Kama inachoma siku ya pili au ya tatu, subiri wiki moja uipime tena. Sabuni ya njia ya baridi humalizia kazi yake polepole, hasa mahali penye baridi. Bado inachoma? Basi kostiki ilizidi: mizani ilikosea, au mtu alitumia kiwango cha nazi kwa mafuta ya alizeti, au alipunguza mafuta na kusahau kupunguza kostiki. Ukijua ziada ni kiasi gani, ikwangue na uipike upya kwa kuongeza mafuta. Kila gramu 10 za kostiki iliyozidi zinahitaji takriban gramu 74 za alizeti.

Mabonge meupe magumu yanayochoma yakiguswa na kidole chenye maji ni kostiki ambayo haikuyeyuka. Hutokea pale maji yalipokuwa chini ya uzito wa kostiki, au kostiki ilitiwa yote mara moja ikagandana chini ya ndoo. Hapa hesabu haisaidii, kwa kuwa kipande kimoja kinaweza kuwa salama na cha jirani yake kikamchoma mtoto. Kama mabonge yametapakaa, tupa. Inauma kutupa kilo ya mafuta, lakini hakuna namna ya kumhakikishia anayeoga kwamba kipande chake ni safi.

DALILI: Inapasuka au kumomonyoka wakati wa kukata

Mara nyingi umechelewa kukata. Sabuni yenye nazi nyingi au chumvi hukatwa baada ya saa 6 hadi 12, si kesho kutwa. Ya pili ni kigumishi kilichozidi: chumvi ikipita gramu 30 kwa kilo, kipande hukatika kama chaki. Ya tatu ni kostiki kuzidi. Pima kwa ulimi ikishatimiza saa 48. Unga wa mahindi, kaolini na poda nyingine za kuongeza uzito nazo huvunja kipande, na isitoshe hazikazi chochote, zinajaza tu.

DALILI: Unga mweupe juu ya kipande

Kama uko juu tu, mwembamba, haichomi, ni kaboneti iliyofanyika kostiki ya juu ilipokutana na hewa. Haidhuru. Funika kalibu kwa plastiki mara tu unapomimina, na usikimbilie kuifunua. Uliokwisha kutokea unafutika kwa kitambaa chenye maji.

DALILI: Inatoa jasho

Matone madogo juu ya kipande ni ya kawaida Kisumu na kandokando ya ziwa, hasa majira ya mvua. Gliserini iliyomo ndani huvuta unyevu, na chumvi uliyotia kama kigumishi huongeza mvuto huo. Mtu wa Kisumu atie gramu 10 za chumvi pale ambapo mwenzake wa Nakuru anatia 20, au ahamie kwenye stearini. Usiifunge kwenye plastiki ikiwa na jasho, karatasi inatosha. Jasho lenye kuchoma ulimi ni jambo lingine, rudi kwenye dalili ya kuchoma.

DALILI: Ngumu kama jiwe lakini haina povu

Maji magumu ya kisima hula povu na kuacha utando mweupe kwenye karai. Jaribu kipande kile kile kwa maji ya mvua. Povu likija, sabuni haina kosa. Na kwa kuyeyushia kostiki, tumia maji ya mvua yaliyochujwa siku zote.

Kama hata maji ya mvua hayaleti povu, umezidisha vigumishi, au hukutia nazi. Ng'ombe tupu hutoa kipande kigumu chenye povu dogo. Asilimia 20 hadi 30 ya nazi inatosha, na asilimia 5 ya mbarika hulifanya povu lidumu. Nazi ikipita asilimia 30 ngozi za wengine hukauka.

DALILI: Madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani

Mafuta yameoza. Yale yaliyokwisha kukaangia chipsi au mandazi ndiyo chanzo kikuu. Kutu ya sufuria au ya bomba huharakisha. Mafuta yaliyoachwa bila kuguswa na kostiki yakipita asilimia 8, hasa ya alizeti, nayo huoza. Kipande chenye doa dogo kinaweza kufulia nguo. Hakirekebishiki.

DALILI: Kalibu inapanda na kufurika

Asali, maziwa na sukari huongeza joto la mmenyuko, na mchana wa Kisumu unaongezea lake. Ondoa blanketi, weka kalibu penye upepo, usiguse kinachofurika kwa mkono mtupu. Baada ya saa 48 pima kwa ulimi, sehemu ya katikati na ya pembeni.

Kuhusu majivu

Wapo wanaotaka kuepuka kostiki ya dukani kwa kutumia maji ya majivu, kwa kuwa musherekha wa kulainishia mboga unajulikana kila mahali kwa Waluhya. Maji ya majivu yana kaboneti ya potasiamu kwa wingi. Majivu ya magunzi ya mahindi na maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi. Yale ya makapi ya miwa, ambayo ni rahisi kupata karibu na viwanda vya sukari, ni silika zaidi na hayafai.

Dalili ya kawaida hapa ni uji wa kahawia usioshika, na sababu ni kwamba kaboneti haijageuzwa kuwa haidroksidi. Wazee waliigeuza kwa chokaa iliyozimwa, wakachemsha muda mrefu, kisha wakatia chumvi nyingi kwenye sabuni ya moto ili sodiamu ichukue nafasi ya potasiamu na sabuni ielee juu ikiwa imekaza. Njia inafanya kazi. Lakini yai linaloelea kwenye maji ya majivu linakuonyesha uzito wa maji tu, halikuonyeshi ni alkali gani wala ina nguvu gani, kwa hiyo kila pishi ni bahati nasibu. Kwa anayetaka kipande cha kuogea kinachofanana wiki hadi wiki, kostiki iliyopimwa ni salama kuliko majivu yasiyopimika.

Acha kazi na utafute msaada

Kostiki ikigusa ngozi: pangusa vipande vikavu kwanza, vua nguo iliyolowa, mwagia maji yanayotiririka angalau dakika 20. Usitie siki wala limau, zitaongeza joto juu ya jeraha. Ngozi ikigeuka nyeupe, ikateleza bila kukoma au ikatoa malengelenge, nenda hospitali.

Ikiingia jichoni: osha kwa maji mengi dakika 30 bila kufumba, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Kostiki huendelea kuchimba jicho wakati mtu anajiona amepona.

Ikimezwa: usimtapishe, usimlazimishe kunywa maziwa. Suuza kinywa, mkimbize hospitali, na ubebe mkebe ili daktari aone ni kitu gani. Ajali hizi huwapata watoto kwa sababu maji ya kostiki yamewekwa kwenye chupa ya soda. Usihifadhi kostiki kwenye chombo cha chakula hata kwa dakika tano. Andika jina juu ya mkebe, funga kifuniko cha kuzungusha, uweke juu ya kabati lenye kufuli.

Ndoo ikianza kulainika, kuvimba au kutoa mapovu yenyewe, ondoka, zima jiko lililo karibu, na uache ipoe. Na kama unakusudia kuuza, sabuni yako ipimwe maabara na upate alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwanza. Ulimi wako haumkingi mteja.

Unapomaliza, suuza vyombo kwa maji mengi ukiwa bado na glavu. Glavu ndizo za mwisho kuvuliwa, nazo zioshwe nje zikiwa bado mkononi.